Walimu na wazazi wa Moshi na Arusha: mtoto wa darasa la sita ananakili ubaoni vizuri, ila sentensi yake mwenyewe hana. Mnafanyaje?

#1 ChakiYaPasua

Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano na la sita, shule ya serikali hapa Moshi mjini. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko kazini. Naomba tuzungumze kuandika. Sio mwandiko, kuandika.

Januari mwaka huu nilipokea darasa la sita lenye watoto 84. Madawati 28, wanakaa watatu watatu. Wiki ya kwanza nikawapa insha, kichwa cha habari "Likizo yangu", nikijua hapa kwetu Desemba haikosi cha kusimulia: ndugu wamerudi kutoka Dar, mbuzi kachinjwa, kihamba, yaani shamba la ukoo, kimejaa magari mpaka migomba inalalamika. Nikakusanya madaftari, nikayatia kwenye mfuko wa salfeti, nikabeba hadi nyumbani.

Daftari la kwanza nililofungua lilisema hivi, nalinukuu kama lilivyo:

"Siku ya juma mosi tuli kwenda sokoni na mama tukanunua ndizi tukanunua nyanya tukarudi nyumbani tukapika tukala tukaoga tukalala"

Nukta hakuna. La pili: tuka, tuka, tuka. La tatu hivyo hivyo. Kufika la ishirini nikawa nimeshazipa jina, insha za tuka.

Sasa ajabu yake. Yule binti wa ndizi nilimwita kesho yake mbele ya darasa, nikamwambia funga daftari, nisimulie tu. Akasimulia dakika tano nzima. Kumbe walikwenda Mbuyuni, mama anataka ndizi mshare za mtori, muuzaji kachomeka chana mbovu katikati ya nzuri, mama kaiona, kaondoka kwa hasira ya kuigiza, na muuzaji anapiga kelele "mama rudi, mama rudi, tuongee". Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Mtoto ana kisa, ana mpangilio, anajua hata pa kunyamaza ili watu wacheke. Akishika peni vyote vinamtoroka.

Nimejiuliza vinatorokea wapi. Naona hivi, mnirekebishe.

Mkono wenyewe bado mzito. Wapo wanaochora herufi mojamoja hadi leo, na mtu anayechora "tukanunua" kwa nusu dakika akimaliza ameshasahau alitaka kusema nini mbele. Halafu kuna silabi. Darasa la kwanza tunawafundisha ba be bi bo bu, na ni sawa, Kiswahili ndivyo kinavyosomeka. Lakini hakuna anayerudi baadaye kuwaambia kwamba silabi zikiungana panapatikana neno, na neno lina mpaka. Ndiyo unakuta "tuli kwenda", "ana penda", "ni na soma". Na pale panapohitaji nafasi anabana: "kwasababu", "kwahiyo".

La mwisho linatuhusu sisi. Kutwa nzima mtoto ananakili. Sayansi ananakili, maarifa ya jamii ananakili, hata maswali ya zoezi ananakili kabla ya kujibu. Ni konda aliyezunguka na gari miaka sita, leo unampa usukani unashangaa anaingia mtaroni.

Na peni yangu nyekundu nayo isiachwe. Zile insha 84 nilisahihisha zote, kila kosa. Dakika tatu kila moja, pigeni hesabu: dakika 252, saa nne na ushee. Nikarudisha. Watoto wakatazama alama juu, 6 ya 20, wakafunga daftari. Wiki iliyofuata makosa ni yale yale. Nilikuwa nimejisahihishia mwenyewe.

Nimeacha insha. Tangu Februari tunaandika sentensi tu. Nitaeleza nikirudi, kwanza niwasikie. Nawasilisha.

#2 KondaMstaafu

Naweka kiti hapa. Ila konda umemuonea mwalimu. Wengine tulikabidhiwa usukani na gari likafika Tarakea salama.

#3 MpimaNukta

Mwalimu wa Kiswahili unaandika "Sio mwandiko"? Ni "si mwandiko". Tuanzie hapo.

#4 ChakiYaPasua

Umenikamata, mkuu. Nakupa vyema.

#5 MamaMitumba_Memorial

Mwalimu pole na kazi. Mimi naona mchawi ni simu. Kijana wangu wa darasa la tano akishika simu ya baba yake anaandika "xaxa mama cjala ntakuja bdae". Huyo kesho utamwambia aandike "baadaye" aelewe? Nyumbani kwetu hatukuwa na simu na tuliandika barua kurasa mbili, na aya zake.

#6 TichaSakina

Mama, shikamoo. Mimi nafundisha kidato cha kwanza huku Arusha, na naomba kuitetea simu kidogo. Mtoto anayeandika "cjala" anajua ni "sijala", ameifupisha kwa makusudi. Wanaonipa shida ni wasiojua kwamba "sijala" ni neno moja, wengi wao hata simu nyumbani haipo.

Mwalimu wa Pasua, hao watoto wako ndio nawapokea mimi Januari. Tunakuwa na wiki za mwanzo za kuwaingiza kwenye Kiingereza, kisha baiolojia, jiografia, historia, vyote vinageuka lugha kwa mpigo. Mimi nafundisha historia. Nikiuliza eleza sababu mbili za jambo fulani, mtoto ananiletea mstari mzima wa kitabu, umenyooka, koma ziko mahali pake. Nikimuuliza maana yake anatazama dari.

Mwaka jana nikajaribu kitu. Nikawaambia gawa ukurasa kwa mstari katikati. Kushoto andika jibu lako kwa Kiswahili, sentensi mbili, zako. Kulia ndipo uhamishie Kiingereza. Yaliyotokea kushoto yalinitisha kuliko ya kulia. Sababu ilikuwa moja imerudiwa kwa maneno mengine, na haina "kwa sababu" wala "hivyo", yaani fikra zenyewe hazijashikana. Nilikuwa nalaumu Kiingereza muda wote.

Niliitwa ofisini kwa ajili ya hayo madaftari, nikaambiwa nawarudisha watoto nyuma, ukaguzi ukija utaona Kiswahili kwenye daftari la historia. Nikasema sawa. Siku hizi upande wa kushoto wanaandika kwenye karatasi chakavu. Nina watoto wanatoka Ngaramtoni, nyumbani ni Kimaa (Kimasai), Kiswahili kwao ni lugha ya pili na Kiingereza ya tatu. Mtu huyo umnyime hata hiyo ya pili, atafikiri kwa kutumia nini?

#7 MzeeWaHimo

Mnaongea vizuri ila tuwe wakweli. Mzazi anataka A. Tangu 2012 mtihani wa darasa la saba sehemu yake kubwa ni fomu za kuchagua jibu kwa kuweka kivuli, na swali la utungaji lenyewe mnalijua: sentensi nne zimevurugwa, mtoto azipange kwa A, B, C, D. Anatunga bila kuandika neno hata moja! Mwalimu atakayetumia muhula mzima kwenye sentensi, shule yake ikishika mkia kwenye kata atajibu nini kwa mratibu? Nina mtoto hapo, sitaki majaribio.

#8 BibiUbao

Marahaba wajukuu zangu, wa kusalimu na wasiosalimu. Nimestaafu. Nilianza kufundisha 1979 huko Machame, wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, watoto wamejaa hadi dirishani na chaki tunaivunja vipande viwili. Msidhani wingi wa darasa umeanza na elimu bila ada ya 2016.

Tulichokuwa nacho ni imla. Vijana mmeiacha, au mnaifanya kama mtego. Sikilizeni inavyofanywa. Unasoma sentensi nzima mara ya kwanza, peni ziko chini, wanasikiliza tu. Unasoma mara ya pili polepole, wanaandika. Unasoma mara ya tatu, wanapitia walichoandika na kurekebisha wenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo kazi. Ukiiruka umewapima hujawafundisha. Sentensi mbili tu, Jumatatu na Alhamisi, dakika kumi.

Na ulimi wetu wa Kichaga muutaje bila aibu. Mtoto anatamka "zambi", "feza", "samani", kisha anaandika anavyotamka, ana haki. Mimi nilikuwa naandika ubaoni: "Nyumba hii ina samani." "Nyumba hii ina thamani." Nauliza, ipi tumlipe seremala? Wakishacheka hawasahau. "Uyu", "apa", "ao" vivyo hivyo, unawaambia weka kiganja mbele ya mdomo, usiposikia pumzi umeacha h.

Mwandiko nao usidharauliwe na huyo mwalimu aliyeanzisha mada. Alisema "sio mwandiko". Kwa darasa la sita ambalo bado linachora herufi, dakika tano za mwandiko kila siku ni haki yao. Mtazame anavyoshika peni, wengi wanaibana kama wanakamua ndimu.

#9 Mjukuu_wa_Kibosho

Bibi shikamoo. Hiyo ya samani na thamani nilifundishwa hivyo hivyo, sijui kama sio wewe.

#10 MsomaRipoti

Naongeza kimoja kutoka nje. Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti za kufundisha kuandika, wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, ripoti ikatoka Marekani 2007. Zoezi la kuunganisha sentensi fupi kuwa moja iliyoshikamana lilisaidia. Kufundisha hatua za kupanga, kuandika na kurekebisha, pamoja na kufupisha habari, kulisaidia zaidi. Sarufi iliyofundishwa peke yake, ile ya taja nomino taja kitenzi, matokeo yake yalikuwa upande wa hasi. Sasa fungueni daftari la Kiswahili la mtoto yeyote mhesabu kurasa za "pigia mstari kivumishi".

Tahadhari tu, tafiti hizo ni za darasa la Kiingereza na si la watoto 84.

#11 ChakiYaPasua

Nimerudi, umeme ulikatika. Bibi shikamoo, nimekubali kosa la mwandiko, kesho naanza dakika tano.

Niseme tulivyofanya. Februari yote: sentensi moja kwa siku. Moja. Iwe yako, ianze kwa herufi kubwa, iishe kwa nukta, na mwenzako wa dawati akiisoma asiulize "nani?" Walicheka, wakaona nimewashusha darasa la pili. Siku ya kwanza zilizotimia hazikufika nusu ya darasa, kicheko kikaisha.

Kisha tukaanza kuinenepesha. Naandika ubaoni: "Mama alikasirika." Wanaitupia maswali: lini, wapi, kwa nini? Wanajibu kwa mdomo, mimi naandika wanachosema, mpaka inakuwa "Jumamosi asubuhi mama alikasirika pale Mbuyuni kwa sababu muuzaji alichomeka chana mbovu katikati ya ndizi nzuri." Hapo mtoto kwa mara ya kwanza anayaona maneno ya mdomo wake yakiwa ubaoni. Mara nyingine nakosea kwa makusudi, wananivamia.

Mpaka wa neno nimewapa kipimo kimoja: jaribu kuchomeka neno katikati. "Nina penda"? Huwezi kusema "nina sana penda", basi liunganishe, "ninapenda". "Ni mwalimu"? Unaweza kusema "ni pia mwalimu", basi ni mawili, yaache. Hakikamati kila kitu lakini kinakamata mengi, na wanakipenda kwa kuwa kinachekesha.

MsomaRipoti, kuunganisha sentensi ndiko kulikoniponya ugonjwa wa tuka, ila kwa Kiswahili dawa yake ni ndogo kuliko ya Kiingereza, ni silabi. Dawa ya tuka ni po. Chukua "Tukafika sokoni tukamuona muuzaji". Weka po: "Tulipofika sokoni tulimuona muuzaji." Chukua "Muuzaji alikuwa na kofia nyekundu. Muuzaji alimwita mama." Weka ye: "Muuzaji aliyekuwa na kofia nyekundu alimwita mama." Kuna ki pia: "Mama aliondoka akicheka moyoni." Po, ye, ki. Niliziandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana nikabandika ukutani. Sikutaja kirejeshi wala kiambishi. Tuka sijaipiga marufuku, maana ndiyo ya kusimulia, ila nimeweka kanuni: tuka tatu mfululizo, nukta.

Nukta yenyewe tunaitafuta kwa sikio. Mmoja anasoma kazi yake kwa sauti, jirani anagonga dawati pale anaposikia wazo limeisha. Asipopata nafasi ya kugonga, insha haina nukta. Zoezi zuri ila lina kelele, mwalimu wa jirani amenuna. Sasa wanagonga kwa kidole kimoja.

Kusahihisha: madaftari 12 kwa siku, mstari mmoja wa madawati. Siku saba za shule nimemaliza darasa zima. Na kosa moja tu kwa wiki. Wiki ya nukta natazama nukta, hata kama "zarau" imenitumbulia macho naipita. Hili la kuipita limenichukua mwezi kulizoea.

Mzee wa Himo, hoja yako ni nzito, siipuuzi. Lakini lile swali la kupanga sentensi nne ndilo nalitumia. Nazikata sentensi kwenye vipande vya karatasi, kila dawati linapata vinne, wanapanga mezani, kisha swali langu ni moja: neno gani limekuambia hii ni ya pili? Watasema "ni 'huyo', maana lazima awe ametajwa", au "ni 'hata hivyo'". Mtoto aliyezoea kutumia "hata hivyo" kwenye sentensi yake anaiona mara moja kwenye ya mtihani. Majaribio ya mwezi wa tatu sehemu ya utungaji haikushuka. Sisemi imepaa.

#12 MzeeWaHimo

Hapo kwenye vipande nimekuelewa. Kwenye insha bado nina shaka, ila niko hapa.

#13 TichaSakina

Po, ye, ki nimeiiba. Jumatatu kidato cha kwanza wanaipata, upande wa kushoto. Kwenye karatasi chakavu, bila shaka.

#14 MamaMitumba_Memorial

Sasa na sisi wazazi? Nafungua robota la nguo hapa soko la mitumba la Memorial saa kumi na mbili asubuhi, narudi usiku nimechoka. Sijui po wala ye. Nimsaidieje mtoto?

#15 BibiUbao

Binti yangu, una daftari la madeni?

#16 MamaMitumba_Memorial

Ninalo bibi, limejaa.

#17 BibiUbao

Mpe aliandike yeye jioni. Wewe mwambie kwa mdomo, yeye aandike sentensi: nani, kachukua nini, lini, kasemaje. Halafu akusomee. Usipoelewa arudie. Ni imla hiyo, na ina faida dukani.

#18 ChakiYaPasua

Bibi, miaka kumi na moja sijawahi kufikiria daftari la madeni.

#19 KondaMstaafu

Mnatuanika sasa. Mimi nina deni hapo Memorial.

#20 MamaMitumba_Memorial

Nimerudi baada ya wiki mbili kutoa mrejesho. Siku za kwanza ilikuwa "mama fulani kachukua gauni elfu nane" basi. Nikawa namuuliza kama mlivyosema, lini, alisemaje. Jana kaniandikia hii, jina nimelificha:

"Mama fulani alichukua gauni la bluu Jumanne akasema atalipa Ijumaa, lakini Ijumaa alipoiona meza yetu alipita upande wa pili wa barabara."

Nimecheka peke yangu kwenye bajaji.

#21 ChakiYaPasua

"Alipoiona"! Umeiona po hiyo? Na mwishoni ameweka nukta au umemuongezea wewe?

#22 MamaMitumba_Memorial

Ameweka mwenyewe. Kubwa hiyo, imetoboa karatasi.